Jibu: Kicheko kinaweza kuonyesha nani wanapatana?

Dada, umeuliza kama mgeni ofisini anaweza kujua nani ni marafiki kwa kusikia tu wanavyocheka. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 2016 Greg Bryant na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika jamii 24. Wasikilizaji 966 walisikia watu wawili wakicheka pamoja kwa kama sekunde moja tu, kisha wakasema kama ni marafiki au hawajuani. Walipatia asilimia 53 hadi 67, kutegemea jamii, ingawa vicheko vyenyewe vilikuwa vya wanafunzi wa Marekani! Kicheko cha marafiki huja kwa kasi, na sauti hupanda na kushuka ovyo.

Hapa Nairobi, sikiliza saa saba mchana mkiwa kibandani. Bosi akisema neno, meza nzima hucheka kisha kicheko hukatika ghafla, kila mtu anarudi kwa chapati yake. Wanaopatana kweli hutazamana na kuanza upya, hata chai ikipoa. Mimi huyaamini hayo macho kuliko sauti. Ila usimhukumu asiyecheka siku moja. Huenda ana mgonjwa nyumbani. Msikilize wiki mbili tatu kwanza.