Kupanda Mto Gambia: maswali yenu kuhusu sokwe, vijiji na maji kupwa

Meli ndogo za kitalii hupanda Mto Gambia kutoka Banjul (nyingine huanzia Dakar, Senegal) hadi Kuntaur na wakati mwingine Janjanbureh. Kila siku abiria hushushwa kwa boti kwenda vijijini, kwenye mikoko au kwenye visiwa vya wanyama. Wasomaji wanaopanga safari hiyo wametuandikia, na haya ndiyo majibu.

Twende mwezi gani? (Nairobi)

Kati ya Novemba na Februari. Mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Oktoba, na baada yake njia za vijijini hukauka na mbu hupungua. Aprili na Mei Banjul bado inapata upepo wa bahari, lakini Janjanbureh, kilomita zipatazo 300 ndani ya nchi, joto hupita nyuzi 40 na matembezi ya saa mbili yanakuwa adhabu. Kuanzia Desemba kuna harmatani, upepo mkavu wa Sahara unaoleta vumbi. Anga huwa jeupe, picha za mbali hufifia, na asubuhi kwenye boti utatafuta sweta. Tungechagua nusu ya pili ya Novemba: nyasi bado mbichi, ndege wahamiaji kutoka Ulaya wameshafika na vumbi halijashika kasi.

Ratiba yetu ya Tendaba, kijiji cha ukingoni mwa mto, imeandikwa "saa ya kuondoka itategemea maji". Kwani kampuni haijui ratiba yake? (Mombasa)

Inaijua, na hiyo ni dalili njema. Mto Gambia una mteremko mdogo mno, hivyo bahari huingia ndani yake kwa mamia ya kilomita. Banjul maji yanapanda na kushuka chini ya mita 2, kidogo ukilinganisha na bamvua la kwenu, ila katika hori nyembamba za mikoko kiasi hicho kinatosha kukukwamisha. Na kwa kuwa saa za kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, safari ya saa 2 asubuhi wiki hii haiwezi kuwa ya saa 2 wiki ijayo.

Ng'ambo ya Tendaba kuna Bao Bolong, hifadhi ya ardhi oevu yenye hori nyingi. Wakati mzuri wa kuingia ni maji yakiwa yameanza kujaa, kama saa mbili baada ya kupwa kabisa. Kingo za tope bado ziko wazi na ndege wako chini wanakula: yangeyange, korongo, mdiria wa aina kadhaa. Boti ikigusa tope, unangoja kidogo na maji yanainyanyua yenyewe. Ukiingia maji yakitoka mambo ni kinyume. Ukikwama umekwama mpaka maji yarudi, na hiyo ni saa nyingi juani bila kivuli. Maji yakiwa yamejaa kabisa boti hupita popote, lakini ndege wamepanda mitini na matawi ya mikoko yanafika usawa wa uso wako.

Kwa hiyo muulize mwongozaji swali moja: leo yanapwa saa ngapi? Asipojua, nahodha atajua. Safari ya mikoko inayotoka saa ileile msimu mzima imepangwa kwa kufuata saa ya chakula cha mchana melini.

Je, tutashuka kwenye visiwa vya sokwe? Na tukilazimika kuchagua kati ya sokwe na mawe ya Wassu? (Kampala)

Hamshuki, na mtu akiwaahidi kushuka msimlipe. Visiwa vya Baboon, wanakoishi sokwe hao, viko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Gambia, karibu na Kuntaur. Sokwe wa porini walishatoweka Gambia zamani. Hawa wa sasa ni kizazi cha sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Mradi ulianza mwaka 1969 katika eneo la Abuko karibu na Banjul, ukahamia visiwani mwaka 1979. Leo sokwe ni zaidi ya 100. Ninyi wa Kampala mmezoea kisiwa cha Ngamba ziwani Victoria, na mantiki ni hiyohiyo: sokwe hawaogelei, hivyo maji ndiyo uzio. Tofauti ni kwamba Gambia mgeni habandui mguu kutoka kwenye boti.

Boti hubaki kwenye mkondo, mbali na ukingo. Huruhusiwi kurusha chakula wala kitu chochote. Mafua ya binadamu yanaweza kuua sokwe, na aliyeaga hofu ya watu anaweza kumjeruhi mtu vibaya, kwa hiyo mwenye kikohozi abaki melini. Lenzi ya milimita 300 ndiyo itakupa picha yenye sura. Simu itakupa nukta nyeusi kwenye majani. Mwombe nahodha azime injini na kuiacha boti ichukuliwe na mkondo, kwa sababu mtetemo huharibu picha na kelele huwarudisha wanyama msituni.

Kuhusu kuchagua: fanyeni yote mawili, mradi mpangilio uwe sahihi. Sokwe kwanza, boti iondoke alfajiri, kwani jua likishapanda hujificha kivulini. Wassu ni mwendo mfupi kwa gari kutoka Kuntaur na inaweza kusubiri saa 10 jioni. Hizo ni nguzo za mawe mekundu zilizosimamishwa kwa duara juu ya makaburi ya kale, nyingine ndefu kuliko mtu. Ni sehemu ya kundi la maeneo manne ya Gambia na Senegal yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Saa moja inatosha. Mchana wa saa 7 hapo hakuna kivuli, na vikundi vingi hupelekwa saa hiyohiyo!

Wanyama wakubwa je? Tumezoea Mikumi. (Morogoro)

Basi acheni Mikumi nyumbani. Simba, tembo na twiga hakuna. Hata kisiwa kinachoitwa cha Tembo kimebaki na jina tu. Kuna viboko, lakini wanapenda maji yasiyo na chumvi, na wakati wa kiangazi chumvi hupanda mtoni zaidi ya kilomita 150. Watafuteni kuanzia Kuntaur kwenda juu, siyo Tendaba. Mtaona masikio na pua. Nahodha mwenye akili hapiti kati ya kiboko na kina kirefu, maana huko ndiko anakokimbilia akishtuka.

Utajiri wa Gambia ni ndege, aina zaidi ya 500 katika nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi: furukombe, mwari, keremkerem wenye koo jekundu. Msituni kuna mbega wekundu, ndugu wa kima punju wa Jozani. Bila darubini ya mkononi (8×42 inatosha) mtarudi mkisema hamkuona kitu.

Mimi ni Mwislamu na nafikiri sitapata shida vijijini. Kuna adabu gani za pekee, na je, nibebe zawadi? (Muscat)

Uko mbele ya wengi. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 nchini ni Waislamu, na "assalaam aleikum" inafungua mlango wowote. Mkono wa kulia, mabega na magoti yafunikwe, hali ya familia iulizwe kabla ya jambo lolote. Wamandinka hawaharakishi salamu, sawa na watu wa pwani yetu. Ukishukuru sema "abaraka" kwa Wamandinka, "jërëjëf" kwa Wawolof.

Kilicho tofauti ni utaratibu. Kijiji kina mkuu wake anayeitwa alkalo, na mgeni hufika kwake kwanza au kwenye bantaba, jukwaa la kukaa chini ya mti mkubwa. Zawadi ya heshima ni kola, kokwa chungu za kutafuna. Nunua punje chache sokoni Banjul au Serekunda kabla ya kupanda mto, ziwe nzima na ngumu. Zifunge kwenye majani au karatasi yenye unyevu kidogo. Ukizifungia kwenye mfuko wa plastiki juani zinaota ukungu, na ukiziacha wazi zinasinyaa na kupasuka. Mpe mwongozaji azikabidhi, ndiyo desturi. Ukialikwa ataya, chai ya kijani inayomiminwa kwa raundi tatu, ujue inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Kikundi chenye dakika 40 kisikubali mwaliko halafu kikaondoka baada ya raundi ya kwanza.

Pipi na kalamu usiwagawie watoto barabarani. Wanaoambulia ni wenye nguvu, na baada ya meli chache watoto wanaacha darasa kungojea gatini. Ukitaka kusaidia shule, daftari au pesa zikabidhiwe mwalimu mkuu ofisini, ziandikwe. Na tazama kalenda: "ziara ya shule" siku ya Jumamosi ni watoto waliokusanywa kwa ajili yako. Swali la maana zaidi kwa kampuni ni hili: kijiji kinalipwa kiasi gani kwa kila ziara, na anapokea nani? Jibu la "tunasaidia jamii" si jibu.

Tunakwenda na wanetu waliozaliwa Marekani hasa kwa ajili ya Juffureh na kisiwa cha Kunta Kinteh. Tutegemee nini? (Minneapolis)

Tegemeeni magofu, jua na hisia nzito. Kisiwa, kituo cha zamani cha biashara ya watumwa chenye jina la mtumwa wa kitabu cha "Roots", kiko kilomita 30 hivi kutoka mdomo wa mto. Kiliitwa James mpaka mwaka 2011, na kimekuwa Urithi wa Dunia tangu 2003. Ngome ilianzishwa mwaka 1651 na watu wa Courland, milki ndogo ya Baltiki, na Waingereza wakaitwaa mwaka 1661. Mawimbi yamekila kisiwa hicho sana, kwa hiyo msipande kuta na msisogelee kingo. Albreda na Juffureh ziko bara, zimepakana, na makumbusho yao madogo yanastahili dakika 40. Anzeni hapo ndipo mvuke kisiwani, la sivyo watoto wataona mawe matupu. Asubuhi mto umetulia. Mchana upepo huinua mawimbi na boti ya wazi huwalowesha.

Pambanueni kilichothibitishwa na kinachosimuliwa. Hadithi kwamba mtumwa aliyefika kwenye nguzo ya bendera pale Albreda alikuwa huru ni masimulizi. Janjanbureh mtaonyeshwa "nyumba ya watumwa", wakati majengo yaliyosimama pale ni ya baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Ukweli wa Janjanbureh ni mwingine na hausimuliwi vya kutosha: Waafrika waliookolewa kutoka meli za watumwa waliletwa kuishi huko karne ya 19. Mwongozaji mzuri atawaambia yote mawili bila kuulizwa.

Mama ana miaka 72 na magoti mabovu. Ataweza kushuka kwenye boti za mpira? (Dodoma)

Mara nyingi ataweza, akifundishwa mapema. Mikono yote miwili iwe mitupu, mkoba umtangulie. Baharia na mama washikane juu ya kifundo cha mkono, siyo viganja, maana viganja vyenye jasho huteleza. Anakanyaga ubavu wa boti kwa mguu mmoja, anashuka ndani, anakaa papo hapo, kisha anajisogeza akiwa amekaa. Asubiri wimbi linyanyue boti. Baharia ndiye atasema "sasa".

Tatizo kubwa liko ufukweni. Gati nyingi za juu ya mto ni za mbao au hazipo, na maji yakipwa ngazi ya mwisho inabaki juu na chini yake ni tope. Aombe kwenda na boti ya maji kujaa, avae viatu vyenye kamba ya kisigino, na abebe fimbo. Juffureh atatembea vizuri. Ziara ya hori haina kushuka kabisa, na kwake ndiyo bora.

Chanjo na malaria? (Bujumbura)

Ukitoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Burundi imo, utadaiwa cheti cha chanjo. Huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 ni cha maisha. Malaria ipo mwaka mzima. Ndugu zenu walioishi Ulaya miaka mingi kinga yao imepungua, kwa hiyo nao wamuone daktari apange dawa ya kuzuia. Doksisaiklini, kwa mfano, huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kurudi, na wengi huiacha siku wanayoshuka ndege.

Meli ni ghali. Kuna njia nyingine? (Dar es Salaam)

Ipo. Kutoka pwani ya Gambia panda basi au gele-gele, daladala ya huko, kwa barabara ya kusini hadi Janjanbureh. Tenga siku nzima. Lala hapo, na jioni hiyohiyo patana na mwenye boti wa Kuntaur au Janjanbureh kwa safari ya alfajiri. Kubalianeni bei ya boti nzima, siyo ya kichwa, na muulize kama mafuta na ada ya hifadhi vimo. Lipa nusu kabla, nusu mkirudi. Badilisha pesa pwani upate dalasi za noti ndogo, kwa sababu huko juu mashine za benki ni chache na chenji ni shida. Usipatane na vijana wa hoteli za ufukweni, mapapasi kama wa Zanzibar. Boti watakayokuuzia bado itakodiwa kwa yuleyule wa Kuntaur, na wao watakuwa wameshakata chao.