Barua kwa mwanangu: baba akiwa kocha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya mjukuu wangu na ile raketi inayomshinda nimeiweka karibu na picha ya marehemu babako. Umeniuliza kama ni vyema mumeo awe kocha wa mtoto wake mwenyewe, au mtafute mtu baki pale klabuni, alipwe. Swali hilo ungempelekea mtu anayejua tenisi. Mimi namjua Tamarine tu.

Tamarine Tanasugarn, yule mcheza tenisi wa Thailand, huwezi kuwa umemsahau, maana nyumba nzima mlinicheka: "Mama na Mthai wake." Nilimpenda siku niliyosikia kwamba alizaliwa Los Angeles, wazazi wakarudi naye Bangkok, na alipokua akaichezea Thailand. Olimpiki nne, kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, bendera ileile. Nyinyi mlizaliwa Tooting, huku London, na mkiulizwa kwenu ni wapi mnasema Tanga. Nilimwona ni wetu. Na aliyemfundisha ni babake, Virachai. Mtoto akafika nambari 19 duniani, mwaka 2002. Utasema basi, jibu limepatikana, mumeo anunue filimbi. Subiri kwanza.

Unaikumbuka ile raundi ya nne? Wimbledon, yale mashindano makubwa ya tenisi ya London, tangu 1998 hadi 2002, miaka mitano mfululizo, alifika raundi ya nne na akatolewa papo hapo. Mwaka 1999 alitolewa na Mirjana Lučić, kibinti wa miaka 17. Mwaka 2002 ikawa zamu ya Monica Seles. Mwaka 2004 akafika tena, akatoka tena. Kaka yako akampa jina la Bi Raundi ya Nne, na babako akacheka mpaka chai ikampalia. Niliwaambia siku ile na leo narudia: kufika ndiyo kazi. Wanaanza wanawake 128, raundi ya nne wamebaki 16. Mtu anayekuwa katika hao 16 mwaka hadi mwaka, mnamcheka nini?

Ila nikiwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, wenyewe wamelala, nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Pengine kocha wa nje angemvusha. Baba humtazama mwanawe kwa jicho la mapenzi, na kasoro ya pigo lake akaizoea kama alivyoizoea sauti yake. Halafu najijibu: huyo kocha wa nje, siku mwanamke alipoanza kushuka, angebaki kufanya nini? Angetafuta msichana mwingine wa miaka 17. Nikifika hapo chai huwa imeshapoa na kengele ya chumba fulani inalia.

Sasa nikwambie ya 2008, ingawa unayajua. Ana miaka 31. Kashuka kwenye orodha ya ubora, hata kule 's-Hertogenbosch, Uholanzi, ikabidi aanzie mechi za mchujo, na bado akalichukua kombe kwa kumshinda Dinara Safina, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa kwenye fainali ya mashindano makubwa ya Ufaransa. Niliposikia hivyo nikabadilishana zamu. Jumatatu ya raundi ya nne, Wimbledon, tulipanga foleni alfajiri mimi na babako, na mahamri kwenye mkoba, tukapata tiketi za viwanja vya nje. Akapangiwa uwanja namba 18 na Jelena Jankovic, wa pili kwa ubora katika mashindano yote.

Bwana mmoja jirani yetu alimwambia mkewe watazame michezo michache tu kisha waende kwingine, hii haichukui muda. Kweli haikuchukua muda. Tamarine alikuwa akiupiga mpira bapa, chini chini, ukigusa nyasi hauinuki, unateleza. Jankovic goti lilikuwa likimsumbua, siwezi kumnyima hilo, na alizoea mpira unaomjia kiunoni. Huu ulimjia kwenye ndara. 6-3, 6-2, kashinda Tamarine. Babako, yeye aliyecheka, alisimama juu ya benchi akipiga makofi mpaka mlinzi akamwomba ashuke.

Kinachoniuma mpaka leo ni helikopta. Jankovic alilalamika baadaye kwamba uwanja ule uko mbali, nusura ahitaji helikopta kufika. Basi jioni ile na kesho yake, kwenye basi, kazini, redioni, ni helikopta tu. Mwanamke aligonga mlango ule miaka kumi, leo umefunguka, na watu wanazungumzia usafiri! Robo fainali alimkuta Venus Williams, akafungwa 6-4, 6-3, na Venus akaenda kulibeba kombe lenyewe. Hapo sina neno.

Yaliyofuata unayajua: 2009 akarudi Uholanzi kulitetea lile kombe na akalitetea, 2010 akashinda Osaka, yeye ana miaka 33 na Kimiko Date-Krumm aliyekuwa upande wa pili wa wavu ana 40. Mwaka 2016 akastaafu. Kufika ndiyo kazi, mwanangu.

Kuhusu mumeo, nimeamua nisiseme. Ni mumeo, na mtoto ni wenu. Ingawa ningekuwa mimi... basi, naacha. Nitazamie jambo moja tu: mtoto akipiga mpira ukatoka nje, anautazama mpira, au anamtazama babake? Usimwambie mtu kwamba unatazama. Niandikie umeona nini, na uniambie pia kama Desemba nije na viatu vyake vya kuchezea au huko vinapatikana. Namba yake ni ngapi sasa?

Mamako