Jibu: Wakulima wamenishukuru mkutanoni na kuniletea korosho, nipokee?

Salama dada? Umezuia matapeli wasiteke simu ya mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), sasa mwenyekiti kakusimamisha mbele ya wakulima, korosho zimeletwa, nawe hujui upokee au la.

Kwanza angalia utaratibu wa zawadi wa mwajiri wako. Utaratibu ukiruhusu, pokea, na usiseme "ni kazi tu"; sisi wanawake wa fani hii ya usalama wa mtandao tunajipunguza mno. Hapa Mtwara mama mmoja wa Newala alinishika mikono yote miwili: "Mwanangu, hela ya msimu imebaki." Machozi yalinitoka. Nikamshukuru, kisha nikamwonyesha kupiga *106# aone laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA), na kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040. Alinisikiliza kuliko semina yoyote.

Mwombe mwenyekiti shukrani aziandike barua, iingie kwenye faili lako.