Stenti ya tezi dume: maswali yenu ya wiki hii

Shikamoo daktari. Baba ana miaka 81, tezi dume imemziba mkojo, anaishi na mpira na mfuko wake. Ameambiwa moyo hautahimili upasuaji. Nasikia kuna stenti. Itamfaa? (Binti, Tanga)

Marahaba mwanangu. Ipo, na wazee wa hali ya baba yako ndio hasa wanaofikiriwa. Ni kibomba kifupi kilichosokotwa kama springi. Daktari hukipitisha kwenye uume kwa kamera, mara nyingi kwa ganzi ya hapo hapo tu, akakiacha katikati ya tezi kizuie njia isibanwe. Kuna ya nikeli na titani ambayo ufundi wake unanifurahisha: ikikaa mahali pake humwagiwa maji ya nyuzi joto 55, ncha yake ikatanuka na kujishikiza. Siku ya kuitoa hupitishwa maji baridi, ikalainika, ikavutwa.

Ila kabla ya kuuliza bei, uliza habari za kibofu. Stenti haisukumi mkojo, kibofu ndicho kinachosukuma. Kama kimelegea, njia itakuwa wazi na mzee bado hatakojoa. Omba kipimwe kwanza. Na hospitali nyingi za kwetu hazina kifaa hiki, kwa hiyo mpira unaobadilishwa kwa wakati usiuone aibu.

Ikishawekwa, ndiyo basi? (Msomaji, Mombasa)

La. Inaweza kuhama, kuota magamba ya chumvi za mkojo, kuleta maambukizi, au kumfanya mtu akimbilie chooni kila mara. Zile za wavu zilizokusudiwa kudumu, nyama iliota ndani yake, kuzitoa ikawa kazi ngumu. Ndiyo maana mimi nazipendelea za muda.

Jirani yangu ana stenti, kaambiwa arudi itolewe baada ya miezi mitatu. Ni hiyo hiyo? (Morogoro)

Yaelekea ni nyingine, ile ndefu ya kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, huwekwa sana kwa wenye mawe. Asipitilize tarehe.

Nina miaka 58, natumia tamsulosini, vidonge vya tezi. Niweke stenti niachane na vidonge? (Dodoma)

Hapana, ndugu yangu. Kama vidonge vinakusaidia, endelea. Vikishindwa na mwili wako una nguvu, kukwangua tezi kwa kamera kunakupa matokeo bora kuliko stenti. Mkojo ukikata kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku hata mchana.

Mume wangu anayo tayari. Nichunge nini? (Zanzibar)

Jambo moja wengi hawaambiwi, bibie: akilazwa popote, kwa ugonjwa wowote, mwambie nesi mapema kwamba ana stenti kwenye tezi. Mpira ukisukumwa bila kujua unaweza kuisogeza. Akihitaji mpira, aitwe mtaalamu wa njia ya mkojo, au upitishwe kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu.