Kijana wa miaka 14 aende kuomba pipi za Halloween?

SWALI: Ndugu mhariri, ninaishi na familia yangu katika jimbo la Virginia, Marekani. Kila tarehe 31 Oktoba wanangu wawili huvaa mavazi ya kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Mkubwa sasa ana miaka 14, amenipita kimo na sauti yake imekuwa nzito, lakini bado anataka kwenda na wenzake. Baba yake anaona ni aibu kijana wa umri huo kuwa ombaomba milangoni mwa watu, na jirani mmoja ametuambia kwamba sheria inakataza. Nimruhusu?
Mama wa Wawili, Virginia

JIBU: Mama wa Wawili, jirani yako hakuzua. Mji wa Chesapeake, humo humo Virginia, ulipitisha mwaka 1970 sheria iliyomkataza yeyote aliyezidi miaka 12 kuomba pipi usiku huo, na adhabu yake ilikuwa faini ya kati ya dola 25 na 100 au kifungo kisichozidi miezi sita. Mwaka 2019 baraza la mji lilipandisha kikomo hadi miaka 14 na kukiondoa kifungo, ila likaacha pale pale sharti la kumaliza ifikapo saa mbili usiku. Hata Kanada, mji wa Bathurst uliwahi kuweka kikomo cha aina hiyo. Kwa kuwa kila mji una kanuni zake na mingi haina kabisa, ulizeni ofisi za mji wenu kabla ya siku yenyewe.

Hoja ya baba ni nzito zaidi, nami naiheshimu, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mtoto mwenye adabu haombi kwa watu. Hata hivyo, desturi hii haikuanza kama kuomba bure. Huko Uskoti na Ayalandi, ambako mizizi yake iko, watoto waliovaa vinyago walitakiwa kwanza kuimba, kughani shairi au kutoa kichekesho, ndipo wapewe matofaa, karanga au sarafu. Ilipoenea Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1920 na 1930, ilipokewa vizuri kwa sababu moja ambayo watunga sheria wa leo wanaisahau: vijana wakubwa walikuwa wakifanya uharibifu usiku huo, na watu wazima wakaona afadhali wawafungulie milango na kuwapa kitu kitamu kuliko kuamka asubuhi wakakuta madirisha yamevunjwa. Kumfukuza kijana mlangoni kwa sababu amekua ni kumfukuza yule yule ambaye milango ilifunguliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo, kama kanuni za mji wenu zinaruhusu, mimi ningemruhusu, lakini kwa masharti. Avae vazi alilolihangaikia kweli, kwa kuwa kinachowaudhi wenye nyumba si ndevu zinazoanza kuota, bali kijana aliyevaa nguo za kila siku, anayenyoosha mfuko bila hata salamu. Achukue kile anachopewa, ashukuru, asiwasukume wadogo, na nyumba ambayo taa ya barazani imezimwa, ishara kwamba wenyewe hawagawi pipi, aipite bila kubisha. Kwa kuwa ni mrefu, asivae kinyago kinachofunika uso mzima na asibebe bastola ya kuchezea, maana gizani mtu aliyeshtuka hawezi kujua kama ni ya bandia wala kama aliyeishika ana miaka 14 au 24. (Nanyi mnaogawa pipi, acheni kuwauliza watoto umri wao, wapo wenye miaka tisa na miili ya watu wazima, na wapo wenye ulemavu wa akili ambao sherehe hii bado ni yao.)

Na kama baba ataendelea kushikilia msimamo wake, msimpinge mbele ya mtoto. Mpendekezeeni kwamba kijana atoke kama msindikizaji wa mdogo wake, amshike mkono wanapovuka barabara na kumbebea mfuko ukijaa. Akiwa amevaa vazi lake, wenye nyumba wengi watampa na yeye pipi bila yeye kuomba.