Kabla ya Programu, Nunua Daftari la Grafu

Vijana wanaoingia kwenye usanifu wa grafiki huniuliza kwanza wajifunze programu gani: Photoshop, CorelDRAW, au Canva inatosha? Mimi huwaelekeza kwanza kwa Susan Kare.

Huyu ni Mmarekani aliyechora aikoni (vile vipicha vya kwenye skrini) za Macintosh, kompyuta ya Apple iliyotoka 1984. Rafiki yake wa tangu sekondari, Andy Hertzfeld, alipompigia simu kumweleza kuhusu kazi hiyo, Kare alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa na alikuwa akichomelea sanamu ya nguruwe iliyoagizwa na jumba la makumbusho. Kuchora kwa kompyuta hakukujua. Hertzfeld akamshauri anunue daftari la grafu na kuhesabu kila kijimraba kuwa nukta moja ya skrini. Kare akaenda nalo kwenye usaili.

Aikoni moja ilikuwa miraba 32 kwa 32, yaani 1,024, na kila mraba ama mweusi ama mweupe. Hakuna kijivu wala kivuli cha kufichia mchoro dhaifu. Kwa vijimraba vya namna hiyo alitoa saa ya mkononi, bomu, ndoo inayomwaga rangi, na kompyuta inayotabasamu.

Ndiyo maana nasisitiza: logo ichore kwanza nyeusi tupu, tena ndogo. Kwetu logo huishia kwenye mhuri, kwenye risiti, kwenye kile kiduara cha WhatsApp, au kwenye fulana ya rangi moja kwa sababu mteja anabana bajeti. Ukimwekea mwenye duka la dawa nyoka, kikombe, msalaba, mikono miwili na jina la babu yake, kwenye mhuri atapata doa. (Na atakayelaumiwa ni wewe, si fundi wa mihuri.)

Kuhusu wateja: Steve Jobs alilalamika kwamba tufaha la Apple limejazwa mno kwenye menyu. Kare akapekua kamusi ya alama hadi akakuta ile ya mraba wenye vitanzi kwenye pembe nne, iliyotumika Sweden kuonyesha mahali pa kuvutia watalii. Ikachukua nafasi ya tufaha, na ipo kwenye kibodi za Mac hadi leo. Mteja akikwambia "ongeza rangi, ing'ae", usibishe wala usikimbilie kutii, muulize kinachomkera. Mara nyingi kero ni ya kweli, ila suluhisho alilolitaja silo. Na uwe na akiba ya kupekua: kanga, nakshi za milango ya Zanzibar, alama za barabarani, vifungashio vya zamani.

Baadaye Kare alichora karata za Solitaire za Windows 3.0, mwaka 1990, na miaka mingi baada ya hapo akafanya kazi Pinterest, mtandao wa kukusanya picha. Zana zilibadilika mara nyingi humo katikati.

Kwa hiyo anza na programu yoyote uliyo nayo. Hata Inkscape, ambayo ni ya bure, inafaa. Ila ukitaka niitazame kazi yako, usiniletee ikiwa imejaa skrini nzima. Ipunguze ienee kwenye ukucha wa kidole gumba, ichapishe nyeusi, halafu tuongee.