Miaka tisa ya Krismasi ukweni: je, mwaka huu niende kwa mama yangu?

*Shangazi mpendwa, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Kireka, pembeni mwa Kampala, na mama wa watoto watatu. Kwetu ni Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mume wangu ni Muganda wa Masaka, ingawa alikulia katika kambi ya jeshi Jinja, na ndiyo sababu nyumbani tunazungumza Kiswahili. Tumeoana miaka tisa, na kila Krismasi tumeila Masaka. Kwa mama yangu tumefika pamoja mara moja tu, tulipomzika baba mwaka juzi, na hata safari ile mume wangu alilala mjini, akamsalimu mama kwa mbali bila kumpa mkono. Usiku ule mama aliniuliza kama mkwe wake anatuona wachafu. Mwaka huu mama ameniomba tule naye sikukuu, kwa kuwa miguu inamsumbua na mjukuu wake wa mwisho hajamtia machoni. Mume wangu anasema nauli ni kubwa na karo inakuja. Wifi yangu anasema Ssekukkulu ya mwanamke aliyeolewa ni ukweni, ndivyo ilivyo tangu zamani. Mama mkwe hana ubaya nami. Mwaka jana alininunulia gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda. Nimefikiri niwachukue watoto, niondoke alfajiri ya tarehe 20 bila kumwambia mtu. Nifanye nini?*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu limegota pale pale, si kwenye nauli wala kwenye maneno ya wifi yako, bali kwenye ule mkono ambao mumeo hakuutoa. Wewe umeuandika kwa sentensi moja ukapita, lakini naona ndio unaoibeba barua nzima.

Kwa Waganda, mwanamume na mama wa mkewe huwekeana umbali. Hawapeani mikono, hawalali chini ya paa moja, na wazee wa zamani walipokutana njiani mmoja alijitenga kando mwenzake apite. Mwiko huo unaitwa obuko, na jina hilo hilo yamepewa maradhi ya kutetemeka mwili ambayo wengi wanaamini humpata anayeuvunja. Mtu anaweza kukulia kambini Jinja, akazungumza Kiswahili kutwa kucha, asiwe na habari na desturi nyingine nyingi za kwao, na bado huu ukawa umemwingia tangu utotoni, kwa sababu alimwona baba yake akiushika. Kwa hiyo pale msibani mumeo alikuwa akimpa mama yako heshima kubwa kuliko zote anazozijua, na mama yako, ambaye kwake heshima ni kushikana mikono na kuketi pamoja, akaipokea kama dharau. Miaka miwili sasa jambo hilo limekaa kati yao bila mtu wa kulieleza, na mtu pekee aliyeweza kulieleza kwa pande zote mbili, mwenye Kilugbara cha mama yako na Kiswahili cha mumeo, ni wewe. Sikulaumu, kwa kuwa yawezekana hata wewe hukuelezwa. Lakini sasa umeelezwa.

Sijaongea na mumeo, na sitaki kumsemea. Nauli anayoitaja ni kitu cha kweli. Hata hivyo, natia shaka kama nauli ndiyo yote. Mwanamume anayealikwa kukaa siku kadhaa katika boma la mama mkwe wake, asijue atalala wapi, atakula ameketi wapi, wala atapita mlango upi, ataona ni rahisi zaidi kusema hakuna fedha kuliko kusema anaona aibu. Usimwulize kwa nini hampendi mama yako. Mwulize atapenda kulala wapi mkifika Arua. Ukiwa na kaka mwenye nyumba yake, hapo ndipo mahali pake; kama huna, tafuteni chumba cha wageni mjini, naye afike nyumbani asubuhi na kuondoka jioni kama alivyofanya msibani, safari hii kila mtu akijua sababu. Swali hilo moja linaweza kukufungulia mambo ambayo miaka tisa ya kusukumana juu ya nauli haikuyafungua.

Sasa nauli yenyewe. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kilomita kama 130, na ukichelewa kidogo bado unafika kwa chakula cha mchana. Arua ni karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach, nanyi ni watu watano. Kila mwaka, kuanzia tarehe 20 hivi hadi mkesha wenyewe, mabasi mengi yanayotoka Kampala hupandisha nauli, na kuna familia zinazokesha kituoni na mizigo yao zikisubiri gari. Shule zinafunga muhula wa tatu mwanzoni mwa Desemba na kufunguliwa Februari, kwa hiyo watoto hawana kinachowafunga Kireka. Unayefungwa ni wewe, binti yangu, kwa kuwa Desemba ndiyo mavuno ya fundi cherehani, na najua magauni ya watoto wa watu huletwa dukani tarehe 18 mama mtu akiapa kwamba ni kazi ndogo tu. Itakubidi ukatae. Pokea kazi hadi tarehe 12, maliza zote kufikia tarehe 16, na msafiri tarehe 17 au 18 kabla nauli haijapanda. Utapoteza wateja wa siku zile za mwisho kabla ya sikukuu, nami siichukulii hasara hiyo kuwa ndogo, lakini itakuwa mchango wako katika safari hii, na mumeo akiuona mezani, kwa hesabu iliyoandikwa, ataona kwamba humwachii mzigo peke yake. Katika karatasi hiyo hiyo andikeni karo ya Februari na yale mahitaji ambayo shule huagiza, rimu za karatasi, mafagio na karatasi za choo, ili Januari isiwakute mkilaumiana.

Kuhusu wifi yako nitasema machache. Anayosema kuwa ya tangu zamani si ya zamani hivyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na wa Kikatoliki mwaka 1879. Krismasi yenyewe haina umri wa miaka 150 katika nchi hii. Hata neno Ssekukkulu ni letu sote, kwa kuwa ni sikukuu ya Kiswahili iliyopanda kutoka pwani na kuvaa nguo za Kiganda. Mwiko wa obuko ndio wa zamani, nao haukatazi mwanamke kula sikukuu kwa mama yake. Hayo usimwambie wifi kwa kubishana. Nimeyaandika kwa ajili yako, usije ukajiona mvunja mila.

Anayenigusa zaidi ni mama mkwe wako, kwa sababu hakukukosea. Nimewahi kukaa mkesha mzima katika jiko la Masaka, nikamwona mama mmoja wa makamo akibabua majani ya mgomba juu ya moto, moja baada ya jingine, hadi yalainike, akipunguza uti wa jani kwa kisu taratibu lisije likapasuka, akaweka vipande vya kuku na mchuzi wa karanga ndani, akafunga kila luwombo kwa ukambaa wa mgomba na kulitaja jina la mtoto atakayelila. Sufuria ilikaa juu ya kuni hadi alfajiri. Mama mkwe wako naye bila shaka ana kuku aliyemtenga tangu Oktoba, na majina ya wanao yamo katika hesabu yake. Huyo hawezi kupewa habari kwa simu wiki moja kabla ya sikukuu, na wala si wewe wa kumpa. Mumeo aende Masaka mwenyewe, mwishoni mwa Novemba, achukue sukari, mchele, sabuni na mchango wake wa nyama kama kijiji kina kikundi cha kuchangia ng'ombe, aketi, na amwambie mama yake kwa kinywa chake kwamba mwaka huu anawapeleka watoto kwa bibi yao mwingine. Aseme "nimeamua", asiseme "mke wangu anataka". Kama anaona uzito, amtangulize ssenga wake, kwa sababu maneno kama hayo shangazi wa Kiganda hujua kuyaweka yakakaa. Nawe baada ya safari hiyo mpigie mama mkwe simu, umwambie kwamba gomesi aliyokununulia utaivaa kanisani Arua siku ya Krismasi, na kweli uivae.

Wengi watakushauri mle tarehe 25 Masaka kisha mfunge safari ya Arua tarehe 26 au 27. Mimi sikushauri hivyo. Watoto watafika wamechoka, nyama itakuwa ya moto wa pili, na mama yako atakuwa ameshatoka kanisani peke yake, amekaa uani akisikiliza wajukuu wa majirani. Amekuomba mle naye sikukuu, na baada ya miaka tisa anastahili siku yenyewe. Mwaka mpya nendeni Masaka. Ondokeni Arua tarehe 28, mpumzike Kireka siku moja, na mkesha wa tarehe 31 mama mkwe awe na wajukuu wake wote, na kuku wake awasubiri hadi hapo. Mwaka ujao mgeuze, na mkubaliane hivyo tangu sasa kwa miaka yote inayofuata, ili kila bibi ajue mwaka wake na asilazimike kuuombea.

Ule mpango wa kuondoka alfajiri uuache kabisa. Ukifika Arua na watoto watatu bila mume, katika nyumba ambayo baba yako hayupo tena, mama yako hatauliza kuhusu Krismasi, atauliza mmeachana lini; utakuwa umempelekea msiba mwingine, na yale aliyoyadhani kuhusu mkwe wake utakuwa umeyathibitisha.

Mama yako mpigie kabla hujamaliza juma hili, hata kama safari bado haijakubaliwa. Mweleze kwa Kilugbara, pole pole, kwamba kwa akina mumeo mkwe hampi mkono mama wa mkewe kwa sababu anamheshimu kupita kiasi, na kwamba akija hatalala nyumbani. Mwombe amtafutie kiti chake chini ya mwembe, au mahali popote uani palipo na kivuli, na enyasa, ule ugali wa kwenu, na angara, yule samaki mkavu, apelekewe huko. Usishangae akilia kidogo kwenye simu.

Mumeo naye mwulize lile swali la mahali pa kulala leo jioni, watoto wakishalala, kabla hujataja nauli wala tarehe.